PESA YA DUKA MOJA SI PESA

Wandugu wafanyakazi wa migodi, akina mama wa soko, na wakaaji wote wa Piana-Mwanga, Manono na Kalemie,

Leo twasema juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni baki. Mtu anakwenda dukani na noti ya faranga 1,000. Ananunua chumvi na sabuni za faranga 850. Mwenye duka anatafuta katika sanduku lake, anatikisa kichwa, anasema hana pesa ndogo. Kisha anatoa pipi, au kiberiti, au kikaratasi kilichoandikwa 150 kwa kalamu, au anaahidi kutuma uniti za simu. Mnunuzi anapokea, maana nyuma yake kuna watu wanangoja, na nani atagombana kwa faranga 150?

Sisi twasema yafaa tuzidai hizo 150. Tuzidai bila makelele na bila matusi, kwa hesabu na kwa umoja. Kikaratasi kile ni kizee kuliko sisi sote. Kimetembea nchi nyingi, mara kikiwa kipande cha shaba, mara cha bati, mara cha karatasi. Wengine walikiita jetoni, wengine tiketi, wengine bon. Popote kilipoachwa kikue bila kuulizwa, kilimfunga mfanyakazi katika duka moja kama mbuzi katika kigingi. Basi tuitazame habari yake tangu mwanzo, tujue tunashika nini mkononi.

ZAMANI ZA BABU ZETU

Watu wa ziwa hili walijua biashara kabla ya sarafu ya mfalme yeyote wa Ulaya kufika. Kusini, katika nchi ya shaba, ilikuwako misalaba ya shaba iliyotumika katika mahari na katika biashara. Merikani na shanga zilipita kila njia ya misafara. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji, ng'ambo ya ziwa, na katika mwaka huohuo akaja pwani yetu hii kutazama mahali mto Lukuga unapotoka. Aliandika habari za soko la Ujiji. Pesa ya soko lile ilikuwa shanga ziitwazo sofi. Asubuhi walikuja watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakawauzia wale waliotaka kununua vitu. Soko lilipokwisha, walewale walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji. Wakapata faida asubuhi, wakapata faida jioni.

Tulishike neno hilo, kwa maana limo ndani yake somo zima la leo. Mwenye kushika pesa ndogo wakati wengine hawana, hupata faida bila kulima wala kuvua samaki. Anapata kwa sababu yeye ndiye mlango, na kila mtu hana budi kupita kwake.

Upande wa mto mkubwa wa Congo pesa ilikuwa mitako, yaani vipande vya waya wa shaba ya manjano. Serikali ya Leopold na makompani yake waliwalipa watu kwa mitako na kwa bidhaa. Kila mtako ulipopita mikononi, wako waliokata ncha kidogo. Miaka ilivyopita mitako ikawa mifupi, lakini mtu aliambiwa bado ni mtako mmoja. Wazee wana msemo: bandu bandu huisha gogo.

Mwaka 1887 Serikali hiyo ya Leopold ilitoa sarafu zake. Zile ndogo zilikuwa za shaba zenye tundu katikati, za santimu 1, 2, 5 na 10. Lakini sarafu kuandikwa katika sheria ni jambo moja, na sarafu kufika mkononi mwa mtu wa kijijini ni jambo lingine. Kwa miaka mingi zilionekana zaidi upande wa Congo ya chini, karibu na bandari. Baadaye, mwaka 1910, utawala wa Wabelgiji uliweka kodi ya kichwa ilipwe kwa pesa. Hapo mtu alibanwa pande mbili. Kodi ilidai sarafu, lakini mnunuzi wa mazao yake alipenda kumpa kitambaa na chumvi. Sarafu chache zilizofika kijijini zilirudi upesi kwa mtoza kodi. Ndipo wengi walipochukua njia ya kambi za kazi, kwa kuwa huko ndiko ilikokuwako pesa.

Na huko kambini je? Katika migodi ya Katanga sehemu ya ujira ilitolewa kwa posho: unga, maharagwe, chumvi, samaki. Wazee waliofanya kazi ya bati katika kompani ya Géomines, na wale walioendesha umeme wa maporomoko ya Luvua hapa Piana-Mwanga uliojengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya migodi ya Manono, walizijua siku za posho. Posho ilishibisha tumbo, hatukatai. Lakini mtu aliyelipwa kwa unga hachagui. Hawezi kuweka akiba ya unga kwa shule ya mtoto wala kumtumia mama yake kijijini katika bahasha. Na pesa iliyobaki ilikuwa ndogo, hata bei zilipopanda wakati wa vita vikubwa ilikuwa kama maji katika kikapu. Kwa neno hilo la ujira na bei, wafanyakazi wa Union Minière waligoma Desemba 1941, na tarehe 9 ya mwezi huo makumi yao waliuawa kwa risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Kati yao alikuwamo Léonard Mpoyi. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba hesabu ya faranga chache ni mambo ya mchezo.

JETONI ZA WAFANYABIASHARA

Sasa tuitazame jetoni yenyewe. Ilizaliwa wapi? Ilizaliwa mahali penye kazi nyingi na pesa ndogo chache.

Uingereza, mwisho wa karne ya 18, viwanda na migodi ilikuwa inaongezeka, lakini kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu kilikuwa karibu kimeacha kutengeneza sarafu za shaba. Mwenye mgodi alikuwa na wafanyakazi mia, na siku ya ujira hana senti za kugawa. Mwaka 1787 mgodi wa shaba wa Parys, katika kisiwa cha Anglesey, ulipiga peni zake wenyewe kwa shaba yake wenyewe. Zilikuwa na uzito mzuri, na pembeni yake paliandikwa ahadi ya kwamba mwenye kuzileta London, Liverpool au Anglesey atalipwa. Watu walizipokea kwa furaha. Lakini haukupita muda wakatokea wengine waliopiga jetoni nyepesi, na wengine waliogushi. Mwaka 1817 Bunge la nchi ile likapiga marufuku jetoni hizo za watu binafsi.

Australia nayo, kuanzia 1849, ilijaa peni za shaba zenye majina ya maduka ya nguo, ya chai na ya chuma, kwa kuwa London ilikuwa mbali na sarafu hazikutosha. New Zealand ikafuata. Huko walowezi walitumia jetoni za duka hili katika duka lile, kwa sababu zilikuwa shaba ya kweli na kila mtu alizipokea.

Tazameni sasa Afrika Kusini. Katika Griqualand ya Mashariki, kuanzia 1874, mwaka uleule Cameron alipokuwa Ujiji, duka la Strachan na wenzake lilitoa jetoni zake. Watu wa nchi ile walizitumia kwa miaka mingi katika kuuziana ng'ombe na mahindi, maana sarafu za serikali zilikuwa haba sana. Lakini jetoni zile ziliandikwa ya kuwa thamani yake ni kwa bidhaa. Neno hilo ni fupi, na uzito wake ni mkubwa. Peni ya Anglesey ilisema: nilete, utalipwa pesa. Jetoni ya Griqualand ilisema: nilete, utapewa bidhaa zangu.

Hapo ndipo pa kutenganisha ngano na makapi. Swali la kuuliza ni moja tu: je, kitu hiki kitarudi kuwa pesa? Kama kitarudi, ni deni linalolipika. Kama hakirudi, ni kamba.

Ubaya mkubwa zaidi ulikuja pale ambapo mwenye duka na mwenye mgodi walikuwa mtu mmoja. Huko Marekani, katika milima ya makaa ya mawe ya West Virginia na Kentucky, makompani yaliwapa wachimbaji jetoni za kompani kabla ya siku ya ujira, nazo zilipokewa katika duka la kompani tu. Mchimbaji aliyetaka dola halisi aliuza jetoni yake kwa hasara. Ujira ulitoka kwa mlango mmoja wa kompani ukaingia kwa mlango mwingine wa kompani, na mfanyakazi alikuwa mchukuzi tu wa kuuvusha. Ujerumani, Ubelgiji, Uingereza, kote wafanyakazi walipigania jambo hili. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1831 ya kwamba mafundi na wafanyakazi wa kazi nyingi walipwe kwa sarafu halali, si kwa bidhaa wala kwa tiketi za duka.

Na serikali nazo zimewahi kutoa jetoni wakati wa shida. Jirani zetu wa Tabora waliona. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa na manowari za Waingereza, sarafu hazifiki. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kuwa kiwanda cha pesa, ikapiga heller 5 na heller 20 za shaba, na hata rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Septemba 19 ya mwaka huohuo majeshi kutoka Congo yaliingia Tabora. Utawala ukabadilika, na miaka michache baadaye nchi ile ikawa na shilingi. Pesa hufa na aliyeitoa. Kama ni hivyo kwa dola lenye mizinga, itakuwaje kwa duka la mabati lenye kufuli moja?

SHIDA YA LEO INATOKA WAPI

Mtasema: hayo ni ya zamani, leo tuna faranga ya Congo. Ni kweli. Lakini tuitazame vizuri hiyo faranga.

Mwaka 1967 nchi yetu ilikuwa na zaïre, na zaïre moja ilikuwa makuta 100. Neno makuta limebaki kinywani mwetu kuwa jina la pesa hata leo, ingawa likuta yenyewe haimo mfukoni mwa mtu. Pesa ile iliharibika. Mwaka 1993 zaïre za zamani milioni 3 zilibadilishwa kwa zaïre mpya 1. Kasai walikataa pesa ile mpya, wakaendelea na noti zao za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Congo, kila faranga kwa zaïre mpya 100,000. Ilikuja na noti ndogo za santimu, tangu santimu 1. Ziko wapi leo? Bei zilipanda zikazimeza. Noti ya faranga 50 ndiyo ndogo inayoonekana, nayo imechakaa hata sura haijulikani. Na sarafu za chuma za matumizi ya kila siku faranga hii haijawa nazo tangu izaliwe.

Juu yake kuna dola. Mishahara mingi na bei nyingi zinatajwa kwa dola, lakini senti za dola hazipo hapa. Dola 1 yenye kupasuka kidogo inakataliwa. Basi kati ya dola 1 na chumvi ya mtoto pana pengo, na pengo hilo linajazwa na faranga zilizochoka.

Wenzetu wa Zimbabwe walipita njia hiihii. Mwaka 2009 walianza kutumia dola za Marekani. Noti zilikuwapo, sarafu hazikuwapo. Maduka yakatoa pipi, kalamu na vikaratasi kuwa baki. Mwisho wa 2014 benki kuu yao ikalazimika kutoa sarafu za senti ili watu wapate kupewa baki yao. Kwa hiyo shida hii haikutoka kwa mizimu. Ina sababu, na ina dawa.

Sababu ya kwanza ni gharama. Kuchapa noti ya 50 hakupungukiwi sana na kuchapa noti ya 20,000, basi mwenye kuchapa hupenda ile kubwa. Sababu ya pili ni njia. Siku ya ujira kompani huleta noti kubwa kwa kuwa ni nyepesi kubeba na rahisi kuhesabu. Watu mia moja wanaingia sokoni saa moja na noti kubwa za namna moja, na mama wa mihogo ana faranga 2,000 tu za kurudisha. Sababu ya tatu ni umbali. Noti iliyochakaa Kinshasa hubadilishwa benki. Iliyochakaa Piana-Mwanga huzunguka mpaka ife.

MNYONGE MNYONGENI, HAKI YAKE MPENI

Hatutaki kumtukana mfanyabiashara. Duka dogo la barabarani halikuiumba shida hii. Mwenye duka anayetoa kikaratasi cheupe, akaandika jina lake, kesho ukirudi akakulipa bila maneno, huyo ni jirani mwema; anafanya kazi ambayo serikali imeiacha. Na mara nyingine mnunuzi ndiye anayemsumbua, akija na noti ya 20,000 kununua kiberiti.

Lakini haki na hesabu ziende pamoja. Tuseme duka moja linahudumia watu 300 kwa siku, na kila mmoja anaacha faranga 50 katika vikaratasi au pipi asizozitaka. Hizo ni faranga 15,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 390,000. Pesa hizo ni mkopo. Wanunuzi wamemkopesha mwenye duka, bila faida na bila kuulizwa. Tena tuseme katika kila vikaratasi kumi kimoja kinapotea, kinalowa mvua, au mtoto anakichana. Hapo faranga 39,000 zimegeuka kuwa mali ya duka kwa mwezi mmoja, na hakuna aliyeuza kitu.

Upande wa mchimbaji, tuseme mkewe ananunua mara mbili kwa siku na kila mara anaacha faranga 100. Kwa siku 30 ni faranga 6,000. Hizo ni sabuni, ni dawa ya homa, ni daftari za shule. Pipi sitini hazijengi nyumba.

Na hasara ya pesa si yote. Mwenye kikaratasi hana budi kurudi kwa duka lilelile hata kama jirani anauza bei nafuu. Mwenye duka akijua ya kuwa atarudi tu, kwa nini apunguze bei? Mwenye kikaratasi akihitaji pesa taslimu kwa hospitali, atakiuza cha 1,000 kwa 800, naye mnunuzi wake atakuwa palepale karibu na duka, kama wale wenye mifuko ya sofi katika soko la Ujiji. Na siku duka likifungwa usiku mmoja, kikaratasi kinabaki cha kuwashia moto.

MGODINI HASA

Twawaambia hasa ndugu zetu wachimbaji wa bati na koltani wanaochimba kwa mikono. Mtu anayewapa unga, majembe na tochi kwa mkopo, kisha akanunua madini yenu kwa bei anayoitaja yeye, na malipo akayaandika katika daftari lake mwenyewe, huyo ametoa jetoni hata kama hakupiga shaba. Daftari lake ndilo jetoni. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari la mtu mmoja nalo hupoteza mali ya mwenziwe. Kila mchimbaji awe na daftari lake la pili, na mizani iwe mbele ya macho ya watu.

Twawaambia pia wanaongoja kazi za lithiamu ya Manono. Jina la Manono limevuma duniani kwa lithiamu hiyo, na makompani makubwa yameishindania. Mahali penye kambi mpya hutokea kantini mpya, kadi mpya za chakula, na mikopo mipya inayokatwa katika ujira. Kantini si dhambi. Lakini tuulize mapema, kabla ya kutia sahihi: ujira utalipwa kwa nini, siku gani, na nitakuwa huru kununua wapi?

Sheria iko upande wetu. Mwaka 1949 Shirika la Kazi la Dunia lilifanya mkataba wa 95 juu ya kulinda ujira, na Congo yetu imeuridhia. Mkataba huo unasema ujira wa pesa ulipwe kwa pesa halali tu, na unakataza kulipa kwa hati za ahadi, vocha au kuponi. Unakataza mwajiri kumzuia mfanyakazi atumie ujira wake apendavyo. Unasema asilazimishwe kununua katika duka la kompani, na pasipo na maduka mengine karibu, serikali iangalie bei ziwe za haki. Sheria ya Kazi ya Congo ya tarehe 16 Oktoba 2002 nayo inataka ujira utajwe kwa pesa halali ya nchi. Tatizo ni kwamba mchimbaji wa mikono hana karatasi ya kazi, na sheria hiyo humpita pembeni. Kwa hiyo yatupasa tujilinde kwa umoja mpaka sheria imfikie naye.

Na simu je? M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimesaidia watu wengi. Pesa ya simu yenye kutoka ikawa noti wakati wowote, hiyo ni pesa. Lakini kutoa kuna ada, na wakala asiye na noti hukuambia urudi kesho. Mfanyakazi akilipwa kwa simu, na ada ya kutoa ikakatwa kwake, ujira wake umekatwa ncha kama mtako. Na uniti za kupiga simu si pesa hata kidogo, kwa maana hakuna mama wa dagaa anayeuza kwa uniti.

TUFANYE NINI

Kwanza, kabla ya siku ya ujira, wajumbe wa wafanyakazi waende kwa mwenye kulipa, wamwambie: katika kila ujira, sehemu moja iwe noti ndogo za 500, 200 na 100. Jambo hili halimgharimu chochote ila kuiomba benki mapema.

Pili, vikaratasi vya baki viwe na kanuni katika soko letu. Kila kimoja kiandikwe jina la duka, tarehe na kiasi cha faranga, kitiwe mhuri au sahihi, na kilipwe kwa pesa mtu akivileta vinavyofika faranga 500. Kisiwe na siku ya kufa. Duka litakalokubali tulisifu na tulinunulie. Duka litakalokataa tulipite.

Tatu, pipi isiwe baki ila mnunuzi mwenyewe akiitaka. Neno "sitaki pipi, niandikie" si aibu.

Nne, akina mama wa soko wenye likelemba watenge kisanduku kimoja cha pesa ndogo. Asubuhi kila mama achukue noti ndogo za kuanzia, jioni arudishe kiasi kilekile. Faida ya wale wenye mifuko ya sofi itabaki kwa akina mama wenyewe.

Tano, wanunuzi nasi tuwe na adabu. Mwenye noti ndogo asiifiche nyumbani. Mwenye noti kubwa aombe baki kabla ya kununua, si baada.

Sita, tuandike kwa wakubwa wa jimbo huko Kalemie na kwa Benki Kuu, tena na tena, kwa majina yetu. Tuombe noti ndogo mpya, tuombe mahali pa kubadilisha zilizochakaa karibu na migodi. Zimbabwe waliomba mpaka wakapewa sarafu. Mtoto asiyelia hanyonyeshwi.

Wandugu, hakuna katika hayo linalohitaji bunduki wala mali nyingi. Linalohitajika ni kuulizana na kushikana. Mtu mmoja akikataa kikaratasi kisicho na jina, ataitwa mkorofi. Watu mia wakikikataa siku moja, itakuwa desturi ya mji.

Basi siku ya ujira ijayo, kila mmoja wetu, mwanamume na mwanamke, akipewa kitu kisicho pesa badala ya pesa, na aulize kwa upole na kwa sauti ya kusikika: "Hiki kitarudi lini kuwa pesa?" Asiondoke mpaka ajibiwe, na jawabu liandikwe.